Rodah Alipochuma Kahawa Kama Chai

Mwaka wa tisini na sita, Kemuma aliporudi Ndanai kutoka matangani Kisii, alikuta miche yake ya kahawa imekatwa vichwa, imekaa sawasawa kama meza. Jirani yake Rodah, aliyeachiwa shamba, alisimama kando akitabasamu.

"Nimekuchumia, Mama Syprose. Majani mawili na kichipukizi. Urudi usinikute nimekaa bure."

Rodah alichuma chai tangu usichana. Mkono wake haukujua kupita kwenye ncha changa bila kuichuma.

"Ukayapeleka wapi?"

"Kituoni, wanakopimia chai. Karani aliyanusa, akacheka, akayatupa."

Kemuma hakucheka. Miche hiyo aliitoa kwa babake, na mumewe Onyiego alikuwa ameapa kwamba ikizubaa ataing'oa apande chai kama watu wengine.

Lakini alipoinama aone hasara, swali lilimshika. Mbona chai huporwa majani kila wiki na haifi? Chini ya mkato yalibaki majani makubwa ya kahawa, mawili mawili kama masikio. Upande wa juu yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Upande wa chini yalikuwa yamefifia. Jioni alimuuliza Syprose, bintiye wa kidato cha pili.

"Jani ni jiko la mti, mama. Huku juu linapokea mwanga. Huku chini kuna vitundu ambavyo jicho halivioni, ndivyo vinavyovuta hewa. Maji yanatoka kwa mizizi. Mwanga unapika, chakula kinaiva."

"Bila moto?"

"Mwanga ndio moto."

Kemuma hakuwa mtu wa kumeza neno bila kulitafuna. Alifunga ganda kavu la mgomba katikati ya jani moja, akaacha wiki zipite, akilitupia jicho kila akitoka kukama. Alipolifungua, palipofunikwa palikuwa pamepauka kama ngozi chini ya bandeji. Kando zake zilikuwa kijani tele.

Onyiego alifika na jembe begani. "Hii imekufa."

"Imekatwa vichwa tu, Baba Syprose. Majiko yako hapa chini, na hayajazimwa." Akamwonyesha lile jani, lilivyopauka palipokosa mwanga.

Onyiego aligeuza jani juu, akaligeuza chini. Akashusha jembe. "Basi mpaka mvua."

Mvua iliponyesha, pale penye majani yaliyobaki palichomoza machipukizi, moja huku, jingine huku. Rodah alikuwa akipita na kikapu mgongoni. Mkono wake ukaanza kunyooka wenyewe.

"Rodah," Kemuma alisema, "hayo ni ya kutazama."

Rodah akauficha mkono ndani ya leso.