Moto wa Shangazi Zawadi

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Wamaza, mtu hakuwasha tanuru la matofali peke yake. Aliita majirani, mmoja akaomba kwa sauti, ndipo kibiriti kikawashwa. Wazee walisema kwamba anayeuita moto ule wake, mvua itakuja kumuuliza aliupata wapi.

Shangazi Zawadi, dada ya baba, alikuwa mjane. Ndugu za mumewe walimtoa nyumbani hata matanga hayajaisha, na tangu siku hiyo hakumwomba mtu yeyote hata chumvi. Kiangazi kile aliamua kujijengea nyumba. Alichimba udongo, akaukanyaga, akafyatua matofali, akayapanga yakawa tanuru refu kuliko yeye. Waliotaka kumsaidia aliwarudisha.

Siku ya kuwasha, Nyanya alimfuata. Mimi nilikuwa nyuma yake.

“Zawadi, ita watu tuombe kwanza. Moto iko ya Mungu.”

“Mama, hii udongo nilikanyaga na miguu yangu. Maji nilibeba na kichwa yangu. Wakati walinifukuza, nani aliniombea? Moto nayo ni yangu.”

Nyanya alikaa chini, akatazama.

Kuni zilishika vizuri. Kesho yake mchana, anga lilikuwa jeusi upande wa Kabambare, na mvua ikashuka wakati ambapo hakuna aliyeitazamia. Udongo uliofunika tanuru ulianza kuteremka kama uji. Moshi ukatoka kila upande. Shangazi alipanda juu, akafunika kwa majani, kisha kwa kitenge alichokivua kiunoni, akabaki na gauni la ndani. Majirani walisimama barazani kwao wakimwangalia. Hawakuwa watu wabaya. Alikuwa amewaambia mara nyingi kwamba hahitaji msaada wao.

Aliteleza, akaanguka kwenye matope. Nilidhani atainuka. Alibaki amepiga magoti, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

“Mungu wangu, nimeshindwa! Munisaidie!”

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Ramazani, mwenye duka, akikokota turubai lake la kuanikia mpunga. Wengine walileta bati na mikeka. Nyanya alivua kitenge chake, akamfunga binti yake kiunoni. Hakumkumbusha lolote.

Mvua haikukatika kwa sababu ya ombi lile. Ilinyesha mpaka jioni. Matofali ya nje yalirudi kuwa udongo. Ya ndani yalipona, yakatosha chumba kimoja. Mwaka uliofuata shangazi alipanga tanuru jingine, na kabla ya kuwasha aliita watu. Alipoombewa aliinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtu asiyezoea.

Leo naishi Kasongo, nami nimeona mvua za kiangazi zikiwanyeshea hata waliosali vizuri. Siamini kwamba maneno ya shangazi ndiyo yaliyoita mawingu. Hata hivyo, sijaweza kumcheka Nyanya. Kwetu, “munisaidie” huambiwa watu wengi, na vilevile mkubwa mmoja anayeheshimiwa. Kwa hiyo sijui kama siku ile shangazi alimwita Mungu au aliwaita wale waliosimama barazani. Nilipomuuliza, akiwa mzee tayari, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

“Niliita,” alisema. “Kuita tu ndiyo ilikuwa inanishinda.”