Namba ya Miwani

Pale kliniki ya ngozi walimwita Mama Namba, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa muuguzi huyu hakuruhusu mtu akanyage pedali ya leza kabla ya kila aliyemo chumbani kusoma kwa sauti namba iliyoandikwa kwenye miwani yake. Mashine zilikuwa mbili, ya kuondoa nywele na ya kufuta tatuu, na mwanga wa kila moja una miwani yake, yenye namba ya mwanga huo. Ukikosea miwani, ni sawa na hukuvaa kitu. Madaktari walinuna, wengine wakamcheka waziwazi. Wacheke, shauri yao! Jicho lake la kushoto lilimgomea tangu utotoni. Alikuwa anaona kwa la kulia tu, na la akiba hana.

Siku moja mgonjwa alikuwa mdogo wake wa kike, aliyekuja kufutwa jina la mume wa zamani mkononi.

"Dada, mwambie daktari aanzie mwisho," alisema akijilaza. "Herufi ya kwanza iachwe, huenda nikapata mwingine anayeanza nayo."

"Wewe nawe! Hukomi tu?"

Daktari aliangua kicheko. Mama Namba alicheka mpaka machozi yakamtoka, akavua miwani ajifute, kisha akapapasa mezani akaivaa tena. Kumbe aliyoivaa ilikuwa ya mashine ya nywele, iliyosahauliwa hapo tangu asubuhi. Akamfunika mdogo wake macho. Bangili mkononi aliiona, akajisemea atamvua, maneno yakamchukua.

"Namba?" aliuliza.

"Elfu moja sitini na nne," daktari alisoma kwenye miwani yake.

"Elfu moja sitini na nne," naye akaitikia, kama mtu anavyoitikia salamu.

Pedali ikakanyagwa. Mwanga wa mashine ile hauonekani kwa macho. Pigo la tatu liligonga ukingo wa bangili likadunda kama kwenye kioo, na Mama Namba akasikia kitu kimelia ndani ya kichwa chake. Alipomtazama mdogo wake, mahali pa uso palikuwa na doa jeusi.

"Mguu!" alipiga kelele, na daktari akauondoa mguu kwenye pedali.

Daktari wa macho alimpima mara tatu. Hakumzungusha: palipoungua hapaponi. Chumba cha leza akapewa mwingine, yeye akahamishiwa mapokezi. Alilia siku mbili mfululizo, siku ya tatu akaosha uso akaenda kazini. Mdogo wake alipoanza kujilaumu kwa ile bangili, alimkatiza.

"Bangili ni yako. Kukuvua ilikuwa kazi yangu."

Baada ya wiki sita mdogo wake alirudi na jina lililofutika nusu. Aliogopa kuingia peke yake, akamwomba dada yake amsindikize. Mlangoni muuguzi mpya aliwapokea vizuri, akampa Mama Namba miwani. Mama Namba aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. Namba ilimezwa na doa. Akamnyooshea mdogo wake.

"Nisomee."

"Jamani dada, si unayo kichwani?"

"Kuwa nayo kichwani ndiko kulikoniponza. Nisomee."