Mstari wa Machozi

Nimesoma hadi chuo kikuu, na kazi yangu ni kufundisha watu wazima wasiogope maneno. Hata hivyo jana, mke wangu alipompaka mtoto kifuani mawese yaliyochanganywa na kafuri, harufu ile ilinitoa chumbani ikanirudisha utotoni.

Ndivyo alivyonukia bibi yangu, tuliyemwita Nkambo, mchana ule alipolala mkekani akitaka nimsomee kitabu cha mwisho cha Biblia, pale Mwanakondoo anapokuwa mchungaji, anawapeleka watu kwenye chemchemi za maji, na Mungu anawafuta machozi. Mimi nilikuwa na elimu yangu: majirani wawili walisomewa mahali hapo na mwalimu wa kanisa, na kabla mwalimu hajafika nyumbani kwake, vilio vya msiba vikaanza. Kwa hiyo nilisoma mpaka kwenye maji, nikaishia hapo, kabla ya machozi.

"Endelea, mujukuu."

"Nkambo, karatasi ilipasuka."

"Ilipasuka wapi? Weye uko nadanganya. Leta nione."

Nilikikalia kitabu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkunja, nami nikadhani nimemuua hata bila ule mstari.

"Unaogopa nitaenda?" aliuliza alipopata pumzi.

Nilizidi kukikalia kitabu.

"Basi, rudia mwanzo. Bakondoo bakunywe mayi tena."

Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Kila nilipofika kwenye maji, niliinua macho kutazama kama blanketi kifuani pake bado linapanda.