Kesi ya Baba Mkwe Dhidi ya Risasi

Baba mkwe wangu, fundi baiskeli mstaafu, aliamua kuishtaki risasi. Msimu uliopita wa uwindaji alimpiga swala, swala akakimbia na jeraha lake, na wawindaji wenzake wakamkuta kichakani siku kadhaa baadaye, ameshaoza. Kiongozi wa wawindaji, kaka wa mama mkwe, akamwambia kwa adabu zote kwamba msimu ujao atabaki kambini kuchochea moto. Kwa mtu aliyewinda tangu ndevu hazijaota, hilo ni tusi.

"Si mkono wangu," alituambia mezani. "Risasi za siku hizi hazichanui zikiingia mwilini. Zinapita kwenye nyama kama sindano. Nitathibitisha!"

Mkwe nifanye nini? Nikaitikia, "Ndiyo, baba," nikapewa madumu nibebe.

Maabara ikafunguliwa. Magazeti yalilowekwa kwenye beseni la kufulia mpaka yakawa mazito kama nyama, maana nyama ndiyo yaliyokuwa yanaigiza. Madumu ya maji yalipangwa foleni, tuone risasi itakata tamaa kwenye lipi. Kisha ikaja zamu ya miche ya sabuni ya mama mkwe. Sabuni, nilifundishwa, haijifungi. Tundu likichimbwa linabaki wazi, ulitazame mpaka ushibe. Mama mkwe alishiba mapema.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "kwa nini huyu mzee asipime macho? Hospitali haimalizi sabuni."

Tulikwenda kwenye machimbo ya udongo yaliyoachwa. Bunduki aliilaza juu ya gunia la mchanga, karibu kiasi kwamba hata mimi nisingekosa. Akafyatua. Tukafunua magazeti ukurasa kwa ukurasa, tukapita michezo, tukapita siasa, na kwenye matangazo ya vifo tukaikuta, imechanua kama uyoga. Sonara wa mjini akaipima kwenye mizani yake, uzito karibu wote upo, haikumeguka. Madumu yalipasuka vizuri. Kwenye tundu la sabuni ngumi yangu iliingia.

Akajaribu boksi jingine la risasi, halafu jingine. Kadiri alivyopima kwa makini, ndivyo mshtakiwa alivyozidi kuonekana msafi. Nikaanza kumwombea aharibu kipimo kimoja tu, mzee wa watu. Lakini kazi ya ovyo hakuwahi kuijua. Miaka yote alinyoosha magurudumu mpaka yaache kuyumba.

Jumapili shemeji yake, yule kiongozi wa wawindaji, akaja, kicheko kiko tayari mdomoni. Baba mkwe akapanga risasi zilizochanua juu ya kitambaa cha meza, akanigeukia.

"Mkwe, wewe ndiye shahidi. Sema."

"Baba, mimi naona... tungepima tena."

"Muongo," akasema bila hasira. Akamtazama shemeji yake. "Risasi haina kosa. Nilimpiga vibaya. Mnyama simwoni tena, naona rangi tu. Niliifyatulia rangi, na yeye akafa kwa mateso."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza. Mimi niliona aibu, maana sote tulikuwa tukijua na tukamwacha aloweke magazeti. Hata kicheko cha shemeji yake kilikufa, akaanza kutafuta njia ya kumnusuru.

"Lakini shemeji, siku ile jua lilikuwa linakupiga usoni. Si nilikuwepo?"

"Lilikuwa mgongoni," akasema baba mkwe, akamsogezea ufunguo wa kabati la bunduki.