Patron Asiyeiona Ijumaa

"Miye sikusoma commerce. Nilisoma télé!" Tharcisse aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, harusini kwa binamu yake huko Saint-Gilles, watu wakisubiri kuku. "Mwaka unaokuja, bon, Galerie yote itakuwa yangu!"

Wakapiga makofi. Mwenye njaa hupigia makofi chochote.

Wakati huo mali yake katika Galerie d'Ixelles, jengo la maduka la mtaa wa Matonge, ilikuwa saluni ya viti vinne, na televisheni juu ya friji. Kila jioni ya siku za kazi ilionyesha tamthilia ya tajiri mmoja wa manukato. Tajiri hakuwasalimu wafanyakazi. Tharcisse naye akaacha kusalimu. Tajiri alisema na watu akiwapa mgongo, akitazama dirishani. Saluni haikuwa na dirisha, basi Tharcisse akawa anatazama mashine ya kukaushia nywele.

Ila Ijumaa alikuwa na mazoezi ya kwaya parokiani, naye hakuyakosa. Hivyo alimwona tajiri akitenda ubaya Jumatatu hadi Alhamisi, asimwone akiulipia. Wasusi na wateja waliojaa humo kila Ijumaa hawakukosa hata matangazo.

Wiki moja Mauwa, mmoja wa wasusi wake, aliomba jina lake liandikwe mlangoni, chini ya la Tharcisse, patron wake. Si ombi la ajabu: huko Matonge mteja hafuati kiti, hufuata vidole, na wanawake walitoka Etterbeek wakipita saluni chungu nzima kuvifuata vya Mauwa. Tharcisse alilijua hilo, na ndilo lililomkera. Alhamisi tajiri akamfokea katibu wake mbele ya watu kwamba kila mtu ana mbadala. Kesho yake asubuhi Tharcisse akaigeukia ile mashine.

"Mauwa, hapa kila muntu iko na remplaçant."

Mauwa hakuachia kichwa cha Maman Marie-Jeanne, kilichosukwa nusu. "Patron, hiyo ni épisode ya jana."

"Na kama ni ya jana?"

"Alors, tutaona ya leo."

Maman Marie-Jeanne alicheka hadi kitana kikamtoka mapajani.

Jioni Tharcisse akaenda kuimba besi. Nyuma yake, kwenye televisheni, katibu akachukua mkoba wake na wateja wote wa tajiri.

Jumamosi asubuhi foleni ilianzia mlangoni kwa Tharcisse. Akaifungulia kwa tabasamu. Foleni ilikuwa imempa mgongo: ilielekea ng'ambo, dukani kwa Priscille muuza mawigi, ambako Mauwa alikuwa amepewa kona.

Ijumaa iliyofuata, kwaya ilikosa besi. Televisheni Tharcisse alikuwa nayo, lakini wa kumweleza yaliyompita hakuwepo. Akavuka hadi kwa Priscille.

"Papa Tharcisse," alisema Mauwa, na lile neno patron halikusikika tena, "hapa hatukai bure. Kaa, nikunyoe."

Akakaa. Kwenye kioo cha televisheni ya Priscille tajiri alisimama mlangoni kwa katibu, kofia mkononi, akimwomba arudi. Wanawake wakasogeza viti. Tharcisse akaona hiyo ndiyo nafasi.

"Mauwa, rudia kwetu. Jina yako tutaandika juu ya yangu."

Kabla hajajibiwa, katibu akamfungia tajiri mlango usoni. Duka zima likashangilia.

"Bon," Tharcisse akasema haraka, "ile ni télé tu. Maisha ni kitu ingine."

"Ah non, papa. Weye mwenyewe njo ulisema ulisomea mule. Inamisha kichwa."

Akainamisha.

Kunyoa kichwa kwa Mauwa: faranga mia tatu, naye akazilipa.