Sketi Kwenye Kapu la Sufuria

Msimu wa sare za shule, fundi cherehani hana hata muda wa kujikuna. Asubuhi huchemsha viazi, karoti na vitunguu, kisha huifukia sufuria ya moto kwenye kapu la vipande vya vitambaa, chakula kimalizie kuiva humo yeye akishona.

Jana, mbio mbio, akaifukia pamoja na sketi ya mteja. Mteja mwenyewe ana watoto watano. Akisusa, sare tano zimekwenda.

"Dada fundi, mwanangu aende shule ananuka kitunguu?" mteja akafoka alipokuja kuichukua na kuinusa.

"Nisamehe, mama. Naifua sasa hivi, jioni nakuletea mwenyewe. Kaa ule kwanza."

Akala amenuna. Sahani ikaisha.

"Niongeze," akasema. "Na zile sare nne zilizobaki, ole wako nizikute kapuni!"