Harusi Niliyoipiga Taipu

Msiniulize kama nilitubu. Nilitubu, tena mara mbili, maana padre wa kwanza alicheka mpaka akasahau kunipa kitubio.

Mimi ni Silvester, Mngoni wa Songea, na mwaka hamsini na sita nilikuwa karani wa chuo cha ualimu cha misheni, maili kumi na mbili kutoka Iringa mjini. Chuo kilikuwa na wanafunzi mia na ishirini, walimu saba, karani mmoja mwenye akili, na mpishi mmoja Mhehe aitwaye Filemoni. Habari hii ni ya Filemoni. Mimi nimo kwa sababu ya makosa tu.

Filemoni alikuwa mrefu, akiingia jikoni lazima ainame. Wakati wa vita alikwenda Burma na jeshi la Keya, la Waingereza, akawapikia askari miaka mitatu, akarudi na koti zito na tabia ya kutosema. Mkewe alikuwa amefariki siku nyingi, mtoto hakujaliwa. Ugali wa watu mia na ishirini aliusonga peke yake kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na kwa siku nzima ukimsikia amesema maneno kumi, ujue amechangamka. Kusoma hakujua. Chuo kizima kilikuwa kinafundisha watu kwenda kufundisha kusoma, yeye yuko katikati anachambua maharage, wala hakuona ajabu.

Mimi na yeye tulikuwa watani. Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipopigana wakachoka, na sheria ya utani mnaijua: mtani hakasiriki. Nikimkuta mbele ya watu namuuliza leo ametuchinjia mbwa wa nani, maana Wahehe huwatania kwamba wanakula mbwa. Yeye hajibu, ila mchana nikifunua sahani yangu nakuta kaa la moto limezimwa katikati ya ugali. Tukapendana hivyo miaka saba.

Sasa, chuo chetu kilikuwa na desturi yake. Kila Desemba, kabla ya kufunga, tulitoa Habari za Mwaka: karatasi mbili zenye mambo yote yaliyotupata, tukazituma kwa wanafunzi wetu wa zamani na marafiki wa chuo, Iringa, Njombe, Rujewa, Mbeya mpaka Tukuyu. Mimi niliziandika kwanza kwa mkono. Padre Mkuu, aliyekiongoza chuo, alizipitia kwa penseli nyekundu, akakata asiyoyataka, ndipo nikazipiga taipu kwenye stensili na kuzungusha mashine ya kurudufu. Na kila mwaka, katikati ya habari za kweli, nilimchomekea Padre uongo mmoja juu ya Filemoni ili apate cha kukata. Mwaka hamsini na nne niliandika kwamba Malkia amempa Filemoni nishani kwa kuunguza uji. Mwaka hamsini na tano, kwamba mbwa wa mlinzi amepotea siku ileile mchuzi ulipokuwa mtamu. Padre alikuwa anacheka mpaka miwani inamwanguka, kisha anakata. Ilikuwa ndiyo zawadi yangu ya Noeli kwake.

Mwaka hamsini na sita ukatuletea jambo la Apolonia.

Apolonia alikuwa mwuguzi wa dispensari ya chuo, Mbena, mjane, mwanamke wa kujitegemea mwenye ulimi wa kukata. Wanafunzi waliokimbilia kwake na vichwa vya uongo siku ya mtihani aliwanywesha kwinini bila sukari, kesho yake wakapona wote. Filemoni alimpenda. Alimpendaje? Kila asubuhi, miaka minne, alimpikia bakuli lake la uji wa karanga na maziwa, akaupeleka mwenyewe, akauweka dirishani pa dispensari, akasema, "Uji." Halafu akaondoka! Neno moja kwa siku, miaka minne. Mahesabu mfanye wenyewe, mimi yananitia hasira.

Mwezi wa Novemba barua ikaja: chuo kikifungwa tu, Apolonia ahamie hospitali moja ya misheni huko Mbeya. Basi lake lingekuwa Jumamosi, tarehe kumi na tano Desemba. Siku ile Filemoni aliyatia maharage chumvi mara mbili. Kesho yake mimi nilikuwa dispensari na jipu langu, nikamwona anafika na bakuli. "Uji," akasema. Akasimama. Nikajua leo leo! Midomo ikamtikisika. Akageuka akaenda zake.

Nikamfuata mpaka jikoni na bendeji yangu inaning'inia. "Mtani, mbona humwambii?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unampenda, we mzee! Anaondoka!"

Akafikiri, akafunika sufuria. "Kesho," akasema.

Nilitoka pale nimefura. Nikaketi ofisini nikamalizia Habari za Mwaka kwa hasira. Niliandika kwamba timu yetu imewafunga walimu wa Iringa mjini matatu kwa moja. Niliandika kwamba bweni la pili limepata bati, na kwamba Bartholomeo, mwanafunzi wetu wa zamani, amekubaliwa Makerere, Mungu asifiwe. Chini yake nikaandika hivi: "Mpishi wetu Filemoni, baada ya kumchosha Mama Apolonia wa dispensari kwa uji wa miaka minne, atafunga naye ndoa hapa chuoni Jumamosi, tarehe 29 Desemba, saa nne asubuhi. Wote mnakaribishwa. Watakaoogopa nyama watapewa maharage." Nikampelekea Padre Mkuu apate cha kukata.

Kumbe Padre ana malaria. Alizirudisha karatasi Jumatano jioni, mwanzo wa Desemba, hata alama moja nyekundu hamna, akasema, "Rudufu tu, Silvester, nakuamini." Basi la barua ni Alhamisi asubuhi! Nikapiga taipu kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mnaojua kazi hii mnanielewa: vidole vinasoma, macho hayasomi. Nikazungusha nakala mia na themanini, nikafunga bahasha, nikabandika stempu, na asubuhi zikaenda. Nikajisifu kwamba karani kama mimi hamna mkoa mzima.

Ijumaa nikabandika nakala moja ubaoni. Nilikuwa sijafika hata mlangoni pa ofisi nikasikia kelele, nikadhani nyoka. Wanafunzi wanapigana mabega, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wamelala chini kwa kicheko. Nikarudi nisome na mimi. Yesu na Maria! Ndoa ya Filemoni ilikuwa palepale, haijakatwa.

Kabla sijaubandua ule ukurasa, mkono mwingine ukanitangulia. Apolonia. Aliusoma amesimama wima, kuanzia mpira mpaka maharage. Akaukunja mara nne, akautia katika mfuko wa gauni lake jeupe, akaenda zake dispensari. Afadhali angenitukana!

Siku zilizofuata niliishi roho mkononi. Maana Filemoni hakujua, na hakuna aliyemwambia, kila mtu akidhani anajua kuliko wote. Walimu walimpa mkono, yeye akajibu, "Asante, na wewe pia," akidhani ni salamu za kufunga mwaka. Simu ya maandishi ikaja kutoka Tukuyu kumpongeza, nikaificha kwenye droo. Jumanne basi likashusha gunia la mchele kutoka kwa Matano, mfanyabiashara wa Rujewa aliyetuuzia mchele wa sikukuu kila mwaka. Utingo alimwambia Filemoni, "Matano anasema hongera, hii zawadi yako." Filemoni akaguswa sana. Akamwambia utingo kwamba Matano ni mtu mwema. Kisha akaupika wote, siku hiyohiyo, akawalisha wanafunzi! Wanafunzi nao, wamekalia wali wa harusi kabla ya harusi, wakaanza kupiga vigelegele vya kina mama na kuimba nyimbo za kumpokea bibi harusi. Filemoni alitoka jikoni kuwatazama, akatabasamu. Akaniambia, "Wanapenda mchele hawa."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaona aibu, maana mtu mzima yule angekuja kujua siku chache baadaye, mbele ya wote, na Apolonia yuko ndani ya basi.

Alasiri ileile Apolonia akaja ofisini kwangu. Akafunga mlango. Mimi nikasimama.

"Silvester, alikutuma?"

"Hapana, Mama. Ni utani. Padre alikuwa akate. Nisamehe, Mama, haki ya Mungu nitaandika barua mia na themanini za kuomba radhi."

"Yeye anajua?"

"Hajui. Si hajui kusoma."

"Barua zako weka," akasema, "na usinifuate."

Nikamfuata, bila shaka. Nyuma ya jiko palikuwa na rundo la kuni, na mtu akichuchumaa pale anasikia kila kitu. Filemoni alikuwa anasugua sufuria la wali.

"Kamwene," Apolonia akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, Mama."

"Umesomewa Habari za Mwaka?"

"Bado. Hunisomea Silvester."

"Mwaka huu nitakusomea mimi. Kaa."

Nikasikia kigoda kinaburutwa. Apolonia akaanza juu kabisa, sauti ya darasani. Akasoma mpira, Filemoni akasema, "Vizuri." Akasoma bati. "Vizuri." Akasoma Makerere. "Yule Bartholomeo? Alikuwa anapenda ukoko. Vizuri sana." Halafu akasoma ile habari, polepole, neno moja moja, hakuruka hata nyama wala maharage.

Nikabana sikio kwenye ukuta wa jiko.

"Soma tena," Filemoni akasema.

Akasoma tena.

"Hayo mimi sikuyasema, Mama." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Huyo Mngoni kaandika. Mimi sijasema neno. Nisamehe, amekuaibisha."

"Najua hukusema! Miaka minne husemi! Ungesema, ningekuwa nafunga sanduku mimi? Nimekula uji mpaka nguo zinanibana, nangoja neno la pili, halitoki. Imebidi aje mpumbavu mwenye mashine." Sauti ikamkatika kidogo, ndipo nikajua na yeye anaogopa. "Sasa niambie mwenyewe, Filemoni. Nimwandikie Padre kwamba siendi Mbeya, au ni uongo?"

Mama yangu! Nilikuwa nimeuma ukuni bila kujijua. Nikasema moyoni, mtani, ukisema kesho nakuja huko ndani nakuua kwa mwiko wako.

Hakusema kesho. Nilisikia kigoda kinaanguka, na sufuria, na hatua zake mbili.

"Imeandikwa tarehe ngapi?"

"Ishirini na tisa."

"Mbali mno, Apolonia," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina bila kutanguliza mama.